Ongezeko la joto duniani: maswali yanayorudiwa sana Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Maswali haya nimeyasikia tena na tena barazani, madarasani, kwenye vikundi vya akina mama na kwenye fuo za wavuvi. Mengi huanza na "Mwalimu, hebu nieleze." Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Kila jibu linajitosheleza, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine nitakuelekeza huko.

## Ya msingi

1. Ongezeko la joto duniani ni nini hasa?

Ni kupanda kwa wastani wa joto la dunia nzima, nchi kavu na bahari pamoja, ukilinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900, kabla moshi wa viwanda haujaenea. Wastani huo umeshapanda kwa zaidi ya nyuzi 1 za Selsiasi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, na ndio wa kwanza ambao wastani wake ulivuka nyuzi 1.5.

Watu huniambia nyuzi 1 ni kitu gani, wakati Kisumu asubuhi ni 18 na mchana ni 30. Hapo ndipo tofauti ilipo. Joto la siku hupanda na kushuka, lakini wastani wa dunia nzima hausogei kwa urahisi. Enzi ya barafu ilipofikia kilele, dunia ilikuwa baridi kuliko enzi ya babu zetu kwa nyuzi 5 au 6 hivi tu. Enzi hiyo ilipokuwa inaelekea kwisha, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, mvua zilikuwa haba kiasi kwamba Ziwa Victoria lenyewe lilikauka. Wanasayansi walilijua hilo kwa kutoboa matope ya chini ya ziwa na kukuta tabaka la udongo wa nchi kavu. Kwa hiyo mtu akisema nyuzi chache si kitu, mimi hulikumbuka ziwa lisilo na maji.

2. Je, ni sawa na mabadiliko ya tabianchi?

Yanahusiana lakini si kitu kimoja. Joto linapoongezeka, mvua, upepo, ukame na misimu navyo hubadilika, na huo mkusanyiko wote ndio tunaouita mabadiliko ya tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa miaka 30 na zaidi.

3. Tunaambiwa ni gesi za hewani. Zinalifungiaje joto?

Mwanga wa jua hupita hewani bila shida na kuipasha ardhi. Ardhi nayo hurudisha joto juu, ila si kama mwanga tena, bali kama lile joto unalolihisi ukisogeza mkono karibu na mawe ya jiko. Gesi kadhaa hulinasa joto hilo na kulirudisha chini kwa sehemu. Kubwa miongoni mwazo ni mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi (ndiyo hewa ukaa) na methani.

Wengi hufananisha jambo hili na nyumba za plastiki za maua kule Naivasha. Mfano huo unasaidia, ingawa plastiki huzuia zaidi upepo usitoe joto nje. Mimi napenda zaidi mfano wa blanketi. Blanketi lenyewe si baya: bila gesi hizi wastani wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Taabu ni kwamba tumeongeza blanketi la pili juu ya aliyekwisha kufunikwa.

Wala si nadharia ya juzi. Eunice Foote wa Marekani alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa ukaa ikipigwa na jua hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alipiga hesabu ya jinsi dunia itakavyopata joto hewa ukaa ikiongezeka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kwa hiyo hesabu ilikuwapo kabla treni ya kwanza haijafika ziwani.

4. Je, ni lile tundu la ozoni?

Hapana. Ozoni hutukinga na miale mikali ya jua, na iliharibiwa hasa na kemikali za friji na mikebe ya kupulizia. Dunia ilikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kuziacha, na tabaka hilo linapona. Nalisema hili kwa furaha, kwa kuwa ni ushahidi kwamba mataifa yakiamua huweza.

## Chanzo chake

5. Gesi hizi zinatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka kwenye makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi asilia, yaani mabaki ya mimea na viumbe yaliyolala ardhini kwa mamilioni ya miaka. Tukiyachoma, tunarudisha hewani kwa siku moja kaboni iliyochukua enzi na enzi kuzikwa. Kuna pia ukataji wa misitu, utengenezaji wa saruji, mifugo, mashamba ya mpunga, majaa ya taka na mbolea za naitrojeni.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe kama 280 zilikuwa za hewa ukaa. Leo ni zaidi ya 420.

6. Sisi wa Kenya tumechangia kiasi gani?

Kidogo mno. Kenya hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi za dunia, na Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani, hutoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na mafuta na makaa ya mawe. Ukijumlisha tangu zamani, Marekani ndiyo iliyotoa nyingi zaidi. Kwa sasa inayoongoza kwa mwaka ni China. Umeme wetu wenyewe kwa sehemu kubwa hutokana na jotoardhi ya Olkaria (mvuke wa chini ya ardhi), mito, upepo na jua.

Nataka mzee wa Budalang'i ambaye nyumba yake imebebwa na maji alijue hili. Hakuna mahali katika hesabu hii ambapo kosa ni lake. Lakini soma pia swali la 10, kwa kuwa liko deni jingine ambalo ni letu.

7. Na ule mvuke unaotoka ardhini Menengai na Olkaria? Si ndio unaopasha dunia joto?

Watu wa Nakuru huniuliza hili sana, na si swali la kipuuzi, maana mvuke huo unauona kwa macho. Sehemu kubwa yake ni maji. Volkano na nyufa za ardhi kote duniani hutoa hewa ukaa, lakini kwa mwaka haifiki hata asilimia 1 ya ile inayotolewa na binadamu. Na joto la chini ya ardhi lenyewe ni dogo sana likilinganishwa na la jua.

8. Kwani ng'ombe wangu wawili na mpunga wa Ahero navyo ni hatia?

Ng'ombe anapocheua, vijidudu tumboni mwake hutengeneza methani, naye huitoa mdomoni. Shamba la mpunga lililojaa maji nalo hukosa hewa chini, na vijidudu vya matopeni hufanya vivyo hivyo. Methani ina nguvu kubwa: katika miaka 100, kilo moja yake huleta joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa. Ila huisha hewani baada ya miaka kama 12.

Siwezi kumwambia mama anayesomesha watoto kwa maziwa auze ng'ombe wake. Ninachoweza kusema ni kwamba ng'ombe mmoja anayelishwa vizuri, kwa mabingobingo, desmodiamu na majani ya kaliandra, hutoa maziwa ya ng'ombe wawili waliokonda, na gesi kwa kila lita hupungua. Kwenye mpunga, kuacha shamba likauke kidogo kisha kulijaza tena hupunguza methani na kuokoa maji. Wakulima wanaofanya hivyo hufuata maji kwanza, na hiyo inatosha.

9. Tutajuaje si jua tu, au ni Mungu anayegeuza misimu yake?

Jua limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nguvu yake haijaongezeka, ilhali joto la dunia limepanda. Tena kama ni jua, tabaka la juu la anga lingepata joto pamoja na la chini. Linalotokea ni kinyume: chini kunapata joto, juu kunapoa, kama ilivyo kwa aliyejifunika blanketi. Na kaboni iliyozidi hewani ina alama ya kaboni ya kale iliyotoka ardhini.

Kuhusu Mungu, mimi ni muumini na siogopi swali hili. Anayekata mti wa kingo za mto kisha akasema mafuriko ni mapenzi ya Mungu anamsingizia.

## Athari zake kwetu

10. Kama dunia inapata joto, mbona sisi tunaletewa mafuriko badala ya jua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Huku kwetu ongezeko la joto huja hasa kwa sura ya maji: mengi mno, au kwa wakati usiofaa.

Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi. Kila nyuzi 1 inayoongezeka, huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi. Mvuke huo ukishakusanyika hushuka kwa kishindo, na mvua iliyozoea kugawanyika siku tatu humwagika alasiri moja. Udongo haupati nafasi ya kuinywa. Hewa hiyo hiyo, pasipo mvua, hunyonya maji ya shambani kwa kasi zaidi, ndiyo maana ukame nao umekuwa mkali. Kuanzia mwishoni mwa 2020, kaskazini na mashariki mwa nchi walikosa mvua misimu mitano mfululizo.

Hiyo ni sehemu ya joto. Sehemu ya pili husemwa kwa sauti ndogo, nami nataka niiseme waziwazi. Mto Nyando hauleti maji pekee kwenye uwanda wa Kano, huleta na udongo wa miteremko ya Nandi na Kericho. Udongo huo hutua kwenye uwanda, hujaza mkondo wa mto, na mto uliojaa udongo huvuka kingo kwa mvua ambayo zamani ungeimudu. Kadhalika mto Nzoia kule Budalang'i. Misitu ya Mau ilipokatwa, na mashamba yalipofika hadi ukingoni mwa maji, tulijifungulia mlango wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ilikuwa imezibwa na magogo na takataka, kisha yakalipasua na kuwabeba watu wakiwa usingizini. Mvua ilikuwa kubwa kweli. Lakini mfereji uliozibwa haukuzibwa na Marekani wala China.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mafuriko ni ya nani, humjibu kwamba yana wenyewe wawili. Joto tuwadai walioleta joto. Udongo, mitaro na kingo za mito tudaiane sisi kwa sisi na serikali zetu za kaunti. Ninachochukia ni kuona deni moja likitumiwa kuficha jingine: kiongozi anayesema "ni tabianchi" ili asiulizwe kuhusu mtaro, au tajiri wa mbali anayesema "ni ukataji miti wenu" ili asiulizwe kuhusu moshi wake.

11. Ziwa Victoria lilipopanda mwaka 2020, ilikuwa ni joto la dunia?

Ziwa hili hupata karibu asilimia 80 ya maji yake kutoka mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na hupoteza mengi kwa jua kuliko yanayotoka Jinja kwenda Naili. Ndiyo maana mwaka mmoja wa mvua kubwa hulinyanyua haraka. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto lisilo la kawaida kuliko ya upande wa Indonesia, hali inayojulikana na kujirudia, ila safari hiyo ilikuwa kali mno. Mvua ikapitiliza, na Mei 2020 ziwa likafikia kimo cha rekodi ya mwaka 1964. Dunga na fuo nyingine zikamezwa.

Wazee watakwambia waliona hayo wakati wa mvua za Uhuru, 1961 na kuendelea, na wako sahihi. Ziwa lina tabia yake. Joto linaongeza uzito kwenye tabia hiyo.

12. Na Ziwa Nakuru, Naivasha na Baringo?

Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda kwa kasi karibu mwaka 2010. Ziwa Nakuru lilitoka kwenye kilomita za mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60, likafunika barabara na lango kuu la mbuga. Kule Naivasha, wakazi wa Kihoto waliingiliwa na maji nyumbani. Baringo shule na zahanati zilizama.

Chanzo kikuu ni mvua zaidi, ukichanganya na udongo unaojaza vitako vya maziwa (rudi swali la 10). Miamba ya Bonde la Ufa nayo husogea, na wapo wataalamu wanaoihesabu kama sababu ya ziada. Nakuru na Baringo hazina mto wa kutoa maji nje juu ya ardhi, basi kinachoingia kinakaa.

Heroe, wale tunaowaita flamingo, walipungua sana Nakuru kwa sababu mwani wanaoula hustawi katika maji ya magadi, na maji ya mvua yaliyazimua. Wengi walihamia Bogoria.

13. El Nino ndiyo ongezeko la joto?

Hapana. El Nino ni joto la maji ya Bahari ya Pasifiki linalokuja kila baada ya miaka 2 hadi 7, na lilikuwapo tangu kale. Kwetu mara nyingi huleta mvua nyingi za Oktoba hadi Desemba, kama 1997. Siku hizi huja juu ya dunia ambayo tayari ina joto.

14. Mbona basi Julai Nakuru na Kericho tunavaa makoti mawili?

Soma swali la 1 na la 2. Baridi ya Julai itaendelea kuwapo. Siku baridi kupita kiasi zinapungua, hazijafutika.

15. Samaki wamepungua kwa sababu ya joto?

Kwa sehemu ndogo. Sababu kubwa za kupungua kwa ngege na mbuta ni uvuvi uliozidi, nyavu za matundu madogo, na uchafu wa miji na mashamba. Gugumaji nalo hulishwa na uchafu huo. Lakini maji ya juu yakipata joto huelea kama tabaka bila kuchanganyika na ya chini, na oksijeni haishuki. Upepo ukiyavuruga ghafla, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda, na samaki wa kwenye vizimba, wasio na pa kukimbilia, hufa kwa wingi usiku mmoja. Anayefuga kwa vizimba aviweke kwenye maji ya kina na ya mkondo, asivirundike ghubani.

16. Je, malaria inapanda milimani?

Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 18 hivi, mbu hufa kabla kimelea hakijawa tayari. Ndiyo maana nyanda za juu za Kisii, Nandi na Kericho zilikuwa na nafuu. Joto likipanda kidogo tu, mpaka huo unasogea juu. Watu wa huko hawana kinga ya mwili kama wa kando ya ziwa, hivyo mlipuko ukitokea huua watu wazima pia. Usidhani homa ya mlimani ni mafua. Nenda ukapimwe.

17. Nipande lini, maana Machi haieleweki tena?

Usipande kwa tarehe aliyopanda baba. Sikiliza utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, ambao redio za lugha za huku huutangaza. Kule Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua tangu zamani kwa kuangalia miti, ndege na wadudu, walikaa na wataalamu wa idara hiyo wakatoa utabiri wa pamoja. Napenda mfano huo kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Zaidi ya hayo, gawanya shamba. Usiweke mahindi pekee. Mtama, wimbi, mihogo na viazi vitamu huvumilia kiangazi ambacho mahindi hayakiwezi.

## Tufanye nini

18. Nikipanda miti, nimesaidia?

Ndiyo, ila inategemea mti gani na wapi. Mti hufyonza hewa ukaa na kuihifadhi katika shina, lakini kazi yake kubwa huku kwetu ni kushika udongo na kupunguza kasi ya maji. Msitu wa asili uliosimama, kama Kakamega au Mau, una thamani kuliko miche milioni iliyopandwa siku ya sherehe ikaachwa bila maji. Wangari Maathai alianzisha kazi yake ya upandaji miti mwaka 1977 na wanawake waliotunza miche hadi ikawa miti.

Mkaratusi hukua haraka na hulipa vizuri kwa nguzo, sikatai. Lakini hunywa maji mengi. Usiupande penye chemchemi wala ukingoni mwa mto. Hapo weka mianzi, mikuyu au miti mingine ya asili.

19. Jiko la kuni la mawe matatu linaathiri dunia?

Kidogo, likilinganishwa na viwanda. Linaathiri zaidi mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Jiko okoa hupunguza kuni na moshi kwa pamoja. Badilisha kwa ajili ya afya yenu.

20. Kuna watu wamekuja kununua "hewa ya kaboni" ya shamba langu. Ni matapeli?

Biashara yenyewe ipo: mchafuzi wa mbali hulipia kaboni inayohifadhiwa shambani kwako. Wakulima wa magharibi mwa Kenya walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kulipwa kwa kaboni iliyohifadhiwa udongoni, kupitia mboji, matandazo na miti shambani. Malipo kwa kila mkulima yalikuwa madogo. Faida kubwa ilikuwa mavuno.

Lakini kuwa macho. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyorekebishwa 2023, inataka mradi wa ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama. Uliza muda wa mkataba ni miaka mingapi, na kama mwanao atakayerithi atafungwa nao. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma, wala usimpe mtu hatimiliki "ya kuangalia tu."

21. Walioharibu watatulipa?

Mwaka 2022, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zilizoumizwa. Ahadi zilizowekwa tangu hapo ni ndogo mno zikilinganishwa na hasara. Nadhani tunapaswa kuendelea kudai bila aibu. Si msaada tunaoomba.

22. Dunia ikiacha kuchafua hewa leo, joto litashuka?

Litaacha kupanda, kwa kadiri kubwa, lakini halitashuka upesi. Sehemu ya hewa ukaa hubaki hewani mamia ya miaka. Kupunguza methani huleta nafuu ya haraka zaidi (swali la 8). Kwa hiyo mvua za leo ndizo tutakazoishi nazo, na zitakavyozidi kuwa mbaya hutegemea kitakachochomwa kuanzia sasa.

23. Najenga nyumba Kano. Niinue msingi kiasi gani?

Tembea kwa majirani wenye umri. Waombe wakuonyeshe maji yalifika wapi wakati wa mvua za Uhuru, na yalifika wapi 2020 na 2024. Mara nyingi alama bado iko ukutani au kwenye shina la mti. Chukua iliyo juu kuliko zote, kisha jenga juu yake, si sawa nayo. Choo kiinuliwe pia, maana mafuriko yakikifikia yatayachafua maji ya kisima cha kijiji kizima. Na kama kiwanja kiko ndani ya njia ya zamani ya mto, hata kikiuzwa bei ya kutupa, kiache.